Mwaka Ambao Kifagio Hakupalilia

Kaka yangu anaitwa Kifagio, na jina hilo alilipata kwa jasho. Alipokuwa kijana shamba lake la mahindi lilikuwa safi kuliko sebule za watu wengine. Gugu likichungulia jioni, asubuhi halipo. Wapita njia walikuwa wakisimama kutazama mistari yake, na yeye akijua anatazamwa anainama zaidi, anajifanya kiziwi. Mimi ni mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani, na nasema ninachokijua. Yule mtu alikuwa anapenda sifa.

Baba yetu aliacha shamba la kumtosha mtu mmoja, akaacha na watoto watano. Tukagawana. Mimi changu kilitosha chumba cha cherehani na kamba ya kuanikia nguo, sikulalamika. Kifagio alipata kipande kirefu chembamba kinachoteremka mpaka kwenye kijito, chembamba kiasi kwamba ukipiga chafya upande huu, inabidi umtake radhi jirani wa upande ule. Humo humo akalima mahindi misimu kumi mfululizo.

Na yalikuwa mazuri, jamani. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Angekuwa mvivu ningemsema tukamaliza, lakini alikuwa hakosei kitu, na bado mwezi wa pili ukifika nyumba nzima inakula unga wa dukani. Siku anayovuna yeye, kila mtu anavuna. Mnunuzi anakuja na lori lake na mizani yake, anataja bei huku anatazama simu, na wewe uliyelima miezi mitano unaitikia ndiyo bwana. Ukirudi baada ya miezi michache kununua unga, mahindi yale yale yameota mabawa. Mbolea nayo kila mwaka inapanda. Halafu wakaja viwavi, wakaingia kwenye kiini cha mmea kama watu walioalikwa. Mwaka mmoja mvua zikachelewa, mwaka uliofuata zikachelewa tena. Ukiwa na shamba kubwa unaweza kuhimili hayo. Ukiwa na kamba ya viatu kama ile ya kaka yangu, huwezi.

Aliyekuwa akiishikilia nyumba ni wifi yangu, mke wa Kifagio. Wifi si mtu wa kelele. Mimi naweza kugombana na mteja mpaka na uzi niliotumia, yeye atakutazama tu, ukaanza kujieleza bila kuulizwa. Alikuwa na kuku wake nyuma ya nyumba, na kila siku ya soko alikwenda na trei za mayai kichwani, anarudi na unga. Kifagio alikuwa analima mahindi, kuku ndio walikuwa wanalisha familia. Nilimwambia hivyo usoni. Alinikasirikia siku tatu.

Sasa sikia ilivyoanza. Mjane mmoja alikuja kwangu kushonewa gauni la harusi ya bintiye. Kitambaa alicholeta nilikuwa nimekiona dirishani kwa wenye maduka tu, sijawahi kukiweka kwenye meza yangu. Nikampima, nikavumilia, nikashindwa.

"Mama, samahani, unafanya biashara gani?"

"Mimi ni mkulima tu."

"Unalima nini, dhahabu?"

Akacheka. "Nalima vanila."

"Basi shamba lako ni kubwa."

"Wapi. Mara nne tano hivi ya hicho kiwanja chako cha kuanikia nguo."

Nilimchoma pini kiunoni, bahati mbaya. Nikamwomba radhi, nikamaliza kumpima, na sikungoja hata saa za kufunga. Nilikwenda mbio kwa Kifagio nikamkuta anang'oa gugu ambalo mimi sikuliona. Nikamweleza kila kitu: kwamba ni mmea unaotambaa juu ya miti midogo ya kivuli, kwamba unapenda pembeni ya maji kama pale kijitoni kwake, kwamba ushirika wa wakulima unakuja kuyachukua maganda yake nyumbani, kwamba mavuno ya shamba dogo yanaingia kwenye mkoba. Hayahitaji lori wala mizani ya mtu.

"Dada," akaniambia, "mimi ni mkulima wa mahindi. Maua waachie watu wenye nafasi."

Nikaondoka zangu. Msimu ule viwavi walirudi mara ya tatu, na siku moja nikasikia kwamba Kifagio ameonekana anateremka kutoka kwa yule mjane, kimya, mikono nyuma. Wiki iliyofuata alikuja na mzigo wa vipando vya vanila mabegani, amevifunga kwa kanga ya mkewe.

Wifi hakukataa. Aliita kikao pale pale uani, mimi nikiwa shahidi. "Baba watoto," akasema, "nimeelewa kwamba hii kitu inachukua miaka mitatu kutoa maua. Sawa. Miaka mitatu nitailisha nyumba hii kwa mayai, na hutasikia neno langu. Mwaka wa tatu shamba zima likitoa maua, tunaendelea. Lisipotoa, tunamuuzia shemeji kipande hiki, tunahamia mjini kwa kaka yangu. Mimi nikauze mayai penye watu, wewe kuna kazi ya kufungua geti anakushikia."

Shemeji aliyesemwa ni kaka yetu mkubwa, mwashi, mtu anayetembea na futi ya kupimia mfukoni hata akienda msibani. Si mtu mbaya. Shamba lake limepakana na la Kifagio na lilikuwa halifiki kwenye maji, basi alikuwa anakitaka kile kipande, na alisema wazi kwamba anakitaka. Kifagio alimtazama mkewe, akatazama mistari yake, akakubali. Lakini nilimwona alivyomeza mate kwenye neno geti. Mtu aliyezaliwa na jembe mkononi, ukamwambie akae kwenye kiti anafungulia watu magari.

Wakaleta mtaalamu wa kilimo kutoka ushirika, msichana aliyekuwa akija na pikipiki. Tulimwita bibi shamba ingawa umri wake ni wa binti wa Kifagio. Alisimamia kupandwa kwa mistari tisa ya kukata shamba, wa kwanza uani, wa tisa kijitoni, akawafundisha kurundika majani makavu na nyasi kwenye shina la kila mmea. Kisha akasema jambo moja, akalirudia mara tatu.

"Baba, jembe lisiingie humu. Mizizi ya vanila haiendi chini, inatembea juu juu kwenye haya majani. Magugu unayang'oa kwa mkono. Shamba la vanila likiwa safi, limekufa."

Kifagio akaitikia kwa kichwa. Namjua kaka yangu. Alisikia kila neno isipokuwa lile la kwamba shamba likiwa safi limekufa. Hilo liligonga sikio likarudi.

Mwaka wa kwanza alijitahidi. Vilikuwa vimea vidogo, hata yeye alivionea huruma. Alikuwa anayapanga yale majani makavu kama mtu anayetandika kitanda, lakini jembe hakuingiza. Mwaka wa pili vanila ikapanda miti, ikanona, ikawa ya kijani ya kung'aa, na bibi shamba akafurahi akatangaza kwamba analeta wakulima thelathini kutoka upande wa pili wa bonde waje wajifunze.

Wafikirie watu thelathini wanakuja kumtazama Kifagio shambani kwake, na shamba lenyewe limejaa majani yanayooza, nyasi zimejitokeza kati ya mistari, vijiti huku, maganda ya maharage kule. Nadhani hakupata usingizi. Siku mbili kabla ya wageni, wifi akiwa sokoni, mimi nilipita kumrudishia suruali niliyomwekea kiraka. Nikasikia mluzi. Ule mluzi nilikuwa sijausikia tangu alipoacha mahindi.

Nilimkuta ameshafika mstari wa sita. Sita! Majani yote amekwangua ameyarundika pembeni, udongo ameuvuta ameufunika kwenye mashina, tuta zuri lililonyooka, kama anavyofanya kwa mahindi yakifika magotini. Uso wake ulikuwa unang'aa. Alikuwa mtu mwenye furaha kabisa.

"Kaka, jembe si lilikatazwa?"

"Nimepitisha juu juu tu."

"Mizizi iko wapi?"

Akatazama chini. Nilimwona akielewa, na niseme kweli, niliogopa, kwa sababu uso ulimshuka mara moja ukawa wa mzee. Sikumfariji. Nilimwita mjinga, nikamwita majina mengine ambayo dada hamwiti kaka yake, kisha nikavua viatu. Tukarudisha majani yote, mstari kwa mstari, tunakimbia, jasho linatuingia machoni, tukamaliza kabla wifi hajarudi sokoni. Mtu akipita asingejua kitu. Mstari wa saba, wa nane na wa tisa, ile ya kuelekea kijitoni, jembe halikuwa limeifikia.

Wageni walikuja, wakasifu, wakapiga picha. Bibi shamba peke yake ndiye aliyepiga goti, akafunua majani, akachomoa kipande cha mzizi kilichokatika, bado cheupe. Hakumwumbua mbele za watu, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alimsogelea, akamwambia polepole kwamba isipokufa, itachelewa.

Wiki mbili baadaye majani ya mistari sita yakalegea, yakakunjamana. Bibi shamba akamfundisha kukata ncha zilizokuwa bado na afya, azipande upya, na angoje. Wifi alisimama pale uani akauliza kimetokea nini.

"Ugonjwa," Kifagio akasema. "Ugonjwa wa mizizi."

Halafu akanitazama mimi. Na mimi, mwenye mdomo huu ambao haujawahi kukosa neno, nikatazama chini nikasema pole, wifi. Yeye akasema asante. Nilikwenda nyumbani nikashona mkono wa shati upande wa shingo. Aibu ile iliniuma muda mrefu.

Kesho yake Kifagio alikuja kwangu na jembe limefungwa gunia. "Niwekee," akasema. "Nikiliona nitalishika." Nikalisimamisha nyuma ya meza ya kupigia pasi. Wateja waliniuliza siku hizi nashona kwa jembe, nikawaambia vitambaa vimekuwa vigumu. Nilingoja wifi aulize jembe limekwenda wapi. Hakuuliza.

Na hapo ndipo ulipoanza mwaka ambao Kifagio hakupalilia. Mvua ikanyesha, magugu yakaota. Wale wale waliokuwa wakisimama njiani kumsifu sasa walisimama kumcheka.

"Kifagio, vipi, umechakaa?"

"Kifagio, naona umefungua jalala. Tulete na zetu?"

Na wakaleta kweli. Watu walikuwa wakifagia viwanja vyao, wanamwachia majani kwenye magunia mlangoni, wengine kwa utani, wengine kwa wema, na yeye anayachukua yote, anashukuru, anayamwaga shambani. Mtu mmoja alimuuliza kama ni mgonjwa. Kaka mkubwa alipita, akatikisa kichwa, akasema ni huzuni mtu kukata tamaa mapema hivyo. Kifagio akaenda kumwaga gunia jingine. Nilipita siku moja nikamkuta amechuchumaa mbele ya gugu moja, anazungumza nalo sijui, kisha akalinyofoa kwa vidole viwili, polepole, namna mimi ninavyotoa uzi kwenye hariri. Akasimama na kulipita la pili bila kuligusa, kwa sababu lilikuwa limekaa karibu mno na shina. Nikasema moyoni huyu mtu anateseka, na nikampenda kuliko siku zote.

Basi mwaka wa tatu ukafika. Wifi alikuwa ameshampangia kaka mkubwa siku, Jumamosi, aje na futi yake. Hakuficha. Alimwambia Kifagio mezani, mbele ya watoto, kwa sauti ya kawaida. Kifagio akasema sawa. Ushirika ulikuwa unatoa bei nzuri mwaka ule, ingawa bibi shamba alikuwa ametuonya kwamba vanila nayo bei hupanda na kushuka, tusije tukauza kuku. Bei haikuwa shida yetu. Shida yetu ilikuwa mistari sita.

Jumamosi asubuhi niliitwa mapema. Maua yalikuwa yamefunguka. Nikateremka mbio mpaka chini kijitoni, na kweli, mstari wa saba, wa nane, wa tisa, maua ya rangi ya siagi yamejaa. Kuanzia wa sita kupanda juu, majani matupu. Mazuri, mabichi, yamepona kabisa, lakini ua hata moja hakuna.

Hatukuwa na muda wa kusikitika. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, likifika adhuhuri linasinyaa, na hakuna mdudu wa huku kwetu anayelijua. Lazima mtu alichavushe kwa mkono. Unashika kijiti chembamba, unainua kijiulimi kilichotenganisha dume na jike ndani ya ua, unabana kwa kidole gumba, basi, umepata ganda moja. Bibi shamba alikuwa ametufundisha kwa ua la kuchora. Kifagio akaanza. Vidole vile vimeshika mpini miaka thelathini, vinene, vigumu. Ua la kwanza likachanika. La pili likachanika. Alipoharibu la nne wifi akamwondoa pale kwa kiwiko, akashika kijiti yeye, kwa mikono iliyozoea mayai. Mimi nikachukua mstari uliofuata. Kwa mtu anayetunga uzi kwenye sindano siku nzima, ilikuwa kazi ya kujivunia.

Hapo ndipo kaka mkubwa akaingia, na futi yake. Akateremka mistari, akahesabu kwa kidole bila kutaka ubaya, akafika chini.

"Shemeji," akamwambia wifi, "tulisema shamba zima."

"Nilisema," wifi akajibu, hajainua macho kwenye ua.

"Hapa ni mitatu kati ya tisa."

"Naona."

Mtu mwingine angeng'ang'ania ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa ni sababu nzuri. Ugonjwa si kosa la mtu, na mke mwenye huruma angeongeza mwaka. Mimi nilikuwa tayari kuusema, ulishafika kwenye ulimi. Kifagio akavua kofia.

"Mama watoto, haukuwa ugonjwa. Ni mimi. Niliingiza jembe, siku mbili kabla ya wale wageni, nikakata mizizi yote ya mistari sita kwa sababu niliona aibu shamba kuwa chafu. Na nikakudanganya. Futi ikunjuliwe tu. Ni haki yako."

"Na mimi nilimsaidia kurudisha majani," nikasema, na sauti ikanitoka ndogo.

Kaka mkubwa akashika futi bila kujua aifanye nini. Wifi alimaliza ua lililokuwa mkononi, akabana, akaliachia taratibu. Kisha akamgeukia mumewe.

"Najua," akasema. "Siku ile niliporudi sokoni nilichukua jembe nichimbie kuku shimo la maji. Mizizi ilikuwa imenasa kwenye shingo ya jembe, bado mibichi."

Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Nilifunga nguo zangu usiku ule. Halafu nikasema ngoja nikuangalie. Mvua ya kwanza ikanyesha, nikasema leo atalima. Hukulima. Ya pili ikanyesha, hukulima. Watu wakakuita jalala mlangoni kwangu, nikasema basi leo hatavumilia. Ukachukua magunia yao ukasema asante. Miaka ishirini na miwili nimeolewa na wewe, sijawahi kukuona unapita gugu bila kulitoa, na mwaka mzima nimekuona unayapita." Akafuta mkono kwenye kanga. "Ungenidanganya leo tena, ningeuza. Nilikuwa nakungoja useme."

Kifagio alilia. Nasema kama ilivyokuwa, alilia na kofia mkononi, mbele ya mkewe na dada yake na kaka yake mkubwa, na hakugeuka kujificha.

"Shemeji, nisamehe kwa kukusumbua," wifi akasema. "Kipande hakiuzwi. Kama una nafasi nawa mikono, maua haya yanatufungia saa sita."

Kaka mkubwa akatutazama, akarudisha futi mfukoni, akakunja mikono ya shati na kwenda kijitoni kunawa. Kifagio naye akajifuta uso, akajongea, akanyoosha mkono kuchukua kijiti.

"Wewe usiguse," wifi akamwambia. "Umeshaharibu manne. Nenda kalete majani, mstari wa tano umebaki wazi."

Akaenda anakimbia, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, kuchukua takataka za watu mlangoni.